Mhakiki Ndani ya Televisheni: Siku Farasi Alipofika Mtakuja

Tulimwacha Mzee Eustaki katikati ya mahindi makavu, kichwa chake kikiwa ndani ya televisheni, na televisheni imekataa kutoka.

Barabarani honi ililia tena. Piii! Piii! Gari la sinema lilikuwa linapinda kona ya kisima.

Mzee alivuta juu. Haikutoka. Akavuta kushoto. Sikio likakaribia kubaki. Akapiga magoti, akajaribu kutambaa kuelekea bondeni kulikimbia gari, lakini pembe ya televisheni ikanasa kwenye bua la mahindi na kumgeuza kama mlango.

"Shikamoo, Mzee."

Sauti hiyo! Mzee Eustaki alifumba macho. Alipoyafumbua aliona viatu vilivyopakwa rangi, suruali iliyopigwa pasi, na juu kabisa uso wa Ndugu Ambakisye, katibu wa kijiji.

"Marahaba, Ndugu Katibu."

"Unaipeleka wapi televisheni?"

"Inapunga upepo."

"Na wewe ndani yake?"

"Naisindikiza."

Ndugu Ambakisye hakucheka. Alikuwa mtu wa Mbeya, mtumishi mwenye vyeti, na tangu aletwe katika kijiji chetu cha ujamaa cha Mtakuja miezi minne iliyopita alikuwa na swali moja tu kifuani. Inawezekanaje kijiji kisicho na umeme kikawa na mhakiki wa filamu wa televisheni?

Kwa wewe uliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, jibu ni hili.

Mwaka 1963 Mzee Eustaki alirudi kutoka migodi ya shaba ya Kitwe akiwa na televisheni mgongoni. Kioo kilivunjika kwenye basi kabla ya mji wa Laela. Vyuma vya ndani alivigawa kwa majirani, na mpaka leo kuna banda moja la kuku lililofungwa kwa nyaya za televisheni. Lilibaki sanduku tu. Fundi seremala akatoboa tundu la shingo upande wa chini, akaweka kibao cha kufungua na kufunga, na kisogoni akatia komeo.

Kila Jumapili baada ya misa Mzee huketi kwenye kigoda. Mkewe, Silvana, ambaye kijiji humwita Mama Zenon, humvisha televisheni na kumfungia komeo. Uso wa Mzee hutokeza mahali palipokuwa na kioo. Naye husema, "Wapenzi watazamaji," kisha huhakiki filamu aliyoiona Kitwe.

Filamu mbaya huipa alama ya pishi moja ya mahindi. Ya wastani, debe. Nzuri, madebe matatu.

Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na miwili. Wanakijiji wa Mtakuja hawajawahi kuona filamu hata moja, lakini zipo filamu arobaini na sita ambazo hawataki kuziona kabisa.

Ni filamu moja tu iliyowahi kupewa gunia zima, tena lililoshonwa mdomo. Inaitwa Farasi wa Mjane. Mzee aliihakiki mwaka ule wa kwanza. Alisema mwishoni farasi anakufa, na ukumbi mzima wa Kitwe ulilia. Mtakuja nao walilia. Walimwomba padri amsomee farasi misa, padri akakataa, wakapika pombe ya ulezi wakamlilia wenyewe. Mpaka leo, Jumapili ya kwanza ya Agosti, hakuna ng'ombe anayefungwa nira katika kijiji hiki.

Na sasa gari la sinema lilikuwa limekuja na filamu gani?

Ndiyo. Hiyo hiyo.

"Niliiomba mimi mwenyewe kwa barua," alisema Ndugu Ambakisye, akimshika Mzee mkono kumwinua. "Barua tatu. Leo watu wataona kwa macho yao. Ukiwa umesema kweli, nitakuomba radhi mbele ya mkutano. Ukiwa umewadanganya, Jumapili zako zimekwisha. Hilo sanduku litatundikwa nje ya ofisi ya kijiji."

"Litatundikwa la nini?"

"Litakuwa sanduku la maoni."

Mzee Eustaki alilivuta sanduku tena kwa mikono miwili. Si kwa sababu filamu ingeweza kutofautiana kidogo na maneno yake. Laiti ingekuwa hivyo tu!

Siri yake unaijua wewe msomaji wa siku zote. Mwenyewe anaamini Silvana haijui, wala kijiji hakiijui.

Mzee Eustaki hajawahi kuona filamu yoyote maishani mwake.

Pale Kitwe alikuwa mlinzi wa mlango wa ukumbi wa sinema. Amri ilikuwa moja: uso nje, mgongo ndani. Miaka mitano alisimama hivyo. Filamu arobaini na saba zilipita nyuma ya kisogo chake, katika lugha asiyoijua. Alichosikia ni watu. Alisikia wakicheka, wakishtuka, wakiguna, wakipenga kamasi. Kwa kuwasikia watu, alizijua filamu. Au alidhani anazijua.

*

Sinema haikuweza kungoja giza. Gari lilitakiwa Laela jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo wakaipeleka ghalani.

Magunia ya mahindi ya kijiji yalisukumwa ukutani. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Shuka kubwa la mwenyekiti, Mzee Felisiani, likatundikwa ukutani, likiwa bado na doa la chai. Jenereta likawekwa nje, likaanza kunguruma, mbuzi wakakimbia.

Wakati huo wanaume wanne walikuwa wanamvuta Mzee Eustaki.

"Shika miguu!"

"Nimeshika."

"Wewe vuta sanduku. Moja, mbili..."

"Ninyi!" alipiga kelele Mzee. "Hiyo ni shingo, siyo kamba!"

Walijaribu mafuta ya alizeti. Walijaribu kisu. Walijaribu kumtekenya. Komeo alikuwa amelifunga mwenyewe kwa haraka alipokuwa anatoroka na sanduku, akalifunga kinyume, na hakuna aliyejua linavyofunguka. Aliyejua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa shamba la ujamaa upande wa Mollo, akivuna ulezi.

"Mwacheni alivyo," alisema Ndugu Ambakisye. "Mhakiki wa televisheni ahakiki akiwa televishenini. Au vipi?"

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni heshima.

Mwendesha sinema alikuwa kijana aitwaye Nsajigwa, mpole, mwenye kofia ya sufu. Kazi yake ni kuwasha mashine na kuwaeleza watu kwa kipaza sauti yanayosemwa katika filamu, maana filamu yenyewe ilikuwa ya kizungu. Alipokichukua kipaza sauti, katibu akamshika kiwiko.

"Leo hutasema neno."

"Sasa nani ataeleza, Bwana Mkubwa?"

"Hapa hatuitani Bwana Mkubwa. Ataeleza yule pale. Anaijua filamu hii tangu mwaka sitini na tatu."

Nsajigwa alimtazama yule pale. Akaona meza, kigoda, na televisheni yenye ndevu. Akameza mate.

"Shikamoo, televisheni," alisema.

"Marahaba, mwanangu," ilijibu.

Kigoda kiliwekwa mbele kabisa, chini ya shuka. Mtego ulikuwa huo: akikosea, watu wote wataona. Lakini Mzee alipoketishwa, Bibi Cornelia, ajuza wa safu ya mbele tangu Jumapili ya kwanza kabisa, alinyanyua mkono.

"Mwelekezeni kwetu! Mmeona wapi televisheni inayowapa watu mgongo?"

Hoja ilikuwa nzito. Wakamgeuza Mzee Eustaki, uso kwa watu, mgongo kwa shuka.

Uso nje, mgongo ndani.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mzee alikaa vizuri.

*

Mashine ilianza: tra-tra-tra-tra. Mwanga ukapita juu ya vichwa. Watu mia mbili wakavuta pumzi kwa pamoja.

Kwanza kikaja kicheko kifupi, cha puani.

Mzee Eustaki aliinamisha kichwa, na televisheni ikainama. Kicheko hicho alikijua. "Wapenzi watazamaji," alisema katika kipaza sauti, "huyo ni mwenye mashamba. Anajiona. Mtazameni tumbo lake."

Nsajigwa aliruka kidogo. Kwenye shuka alikuwapo mwenye mashamba, na tumbo lake lilijaza nusu ya doa la chai.

Kikafuata kicheko kikubwa, cha kupiga mapaja.

"Ameanguka matopeni!"

Alikuwa ameanguka matopeni.

Ukimya. Halafu wanawake wakaguna, "Mmh," wanaume wakakohoa.

"Sasa anamtaka mjane," alisema Mzee. "Na mjane hamtaki. Ana haki. Mtu gani anatongoza akiwa na matope?"

Ghala zima likacheka tena, na kwenye shuka mjane akamfungia mlango mtu mwenye matope. Kijasho kilimtoka Ndugu Ambakisye. Alisogea kwa Nsajigwa, akamnong'oneza, "Unamwonyesha ishara?"

"Mimi? Mimi mwenyewe leo ndiyo naielewa filamu hii!"

Katikati ya filamu mlango ulifunguka, mwanga ukamwagika, watu wakazomea. Aliingia Silvana, kapu la ulezi kichwani, kisu cha kuvunia mkononi. Alimwona mumewe mbele ya watu mia mbili, televisheni imekaa upande. Alijua mara moja kuwa komeo limefungwa kinyume. Akataka kwenda.

"Keti, Mama Zenon, unatuziba!"

Akaketi kwenye gunia la mwisho. Hakutazama shuka sana. Kama Jumapili zote, alimtazama yeye.

Farasi naye alitokea. Hapo palizuka ugomvi mdogo, kwa kuwa Mtakuja hakuna aliyewahi kuona farasi. Watu walimlilia miaka kumi na miwili bila kujua anafananaje.

"Huyo ni punda," alisema mmoja.

"Punda aliyelishwa."

"Nyamazeni, marehemu anapita!" alisema Bibi Cornelia.

Mwenye mashamba akamwiba farasi. Watu wakasonya, na Mzee akatangaza, "Ameibwa." Mvua ikanyesha. Mjane akakaa mlangoni siku nyingi akiitazama barabara. Hapo ghala likawa kimya kabisa, likasikika jenereta tu.

Kisha kitu kikatokea kwenye shuka. Bibi Cornelia alikiona kwanza. Akaweka kanga mdomoni. Jirani yake akaanza kulia. Kilio kikaenda safu kwa safu mpaka kwenye magunia ya ukutani. Mwenyekiti Felisiani alilia ndani ya kofia yake.

Mzee Eustaki alikijua kilio hicho. Kilikuwa kile kile cha Kitwe. Alikuwa amekibeba miaka yote.

Machozi yakamjaa. "Wapenzi watazamaji," alisema, "farasi wetu amekufa."

Bibi Cornelia aliondoa kanga mdomoni.

Juu ya shuka, farasi alikuwa amesimama mlangoni kwa mjane, amelowa, mzima wa afya, anakula kutoka kiganjani mwake.

"Aa-haa!" Ndugu Ambakisye aliruka juu ya gunia. "Zima mashine! Mmesikia? Amesema amekufa! Na ninyi mmeona nini? Semeni! Mmeona nini?"

"Tumeona anakula," alisema mtu mmoja, kwa sauti ndogo.

"Anakula! Maiti inakula? Mzee amewadanganya miaka kumi na miwili! Naleta hoja sanduku litundikwe leo!"

Mablanketi yaliondolewa madirishani. Mzee alikaa ndani ya sanduku lake, amefumba macho. Aliwaza Jumapili. Angekaa wapi Jumapili? Angesema nini, na nani angempigia makofi akisema?

Mwenyekiti alisimama, akajifuta pua. "Ndugu wanakijiji, hoja imeletwa. Ikishaletwa inajadiliwa. Nani anachangia?"

Bibi Cornelia alikuwa amesimama tayari.

"Mimi nauliza. Hii sinema ina umri gani hapa kijijini?"

"Saa moja na nusu, Bibi," alisema Nsajigwa.

"Na Mzee Eustaki?"

"Miaka kumi na miwili!" waliitikia watu.

"Sasa tumwamini nani? Mgeni wa saa moja na nusu? Sisi tumemzika huyu farasi. Pombe tumekunywa. Ndugu zetu wengine wamekufa wanamlilia. Huko waliko tutawaambia nini, kwamba anakula?"

"Lakini mmemwona kwa macho!" alilia katibu.

"Mimi macho yangu yana mtoto wa jicho," alisema Bibi Cornelia. "Masikio yangu ni mazima. Nimesikia amekufa."

Watu wakashangilia. Mmoja akasema huenda sinema imeharibikia njiani, barabara ya Tunduma ni mbaya. Mwingine akasema aliyekufa ni farasi wa kwanza na huyu ni mdogo wake. Wa tatu akataka filamu ishtakiwe, ila hakujua wapi.

"Tupige kura," alisema mwenyekiti. "Wanaosema farasi yu hai?"

Mkono mmoja. Wa katibu. Nsajigwa naye alinyanyua, akaambiwa si mwanakijiji, akaushusha.

"Wanaosema amekufa?"

Ukasimama msitu wa mikono.

"Imepita. Katibu, andika."

"Niandike nini?"

"Andika: mkutano umeazimia kuwa farasi amekufa. Na filamu ijirekebishe."

Ndugu Ambakisye aliandika. Kalamu ilitoboa karatasi mara mbili, lakini aliandika, kwa kuwa alikuwa katibu na hiyo ndiyo kazi.

Mzee Eustaki alifumbua macho. Ameokoka! Televisheni ni yake, Jumapili ni zake! Hadithi ingeweza kuishia hapo, na watu wakaenda kula.

Lakini mwenyekiti Felisiani alikuwa mtu wa utaratibu.

"Kabla gari halijaondoka," alisema, "turudie ule mwisho. Tumuage marehemu tukiwa tumesimama. Na si vizuri mfiwa mkuu ampe marehemu mgongo."

"Kweli," walisema watu. "Mgeuzeni Mzee."

"Hapana!" alisema Mzee Eustaki. "Mimi niko sawa! Nimeshamwona sana!"

"Usijikaze, Mzee wetu. Lia tu."

Vijana wawili wenye nguvu walikinyanyua kigoda na mtu wake na televisheni yake, kwa upole mkubwa, wakakigeuza. Mablanketi yakarudi madirishani. Watu walivua kofia. Tra-tra-tra-tra.

Mwanga uligonga shuka.

Msomaji, fikiria. Miaka mitano mlangoni. Miaka kumi na miwili ndani ya sanduku. Na sasa, akiwa na mvi, mbele yake kuna barabara, kuna mvua, kuna mlango, na kitu kikubwa chenye miguu minne kinakuja kikichechemea, kinasimama, kinainamisha kichwa kwenye kiganja cha mwanamke.

Mzee Eustaki aliinuka na sanduku lake.

"Yu hai!" alipiga kelele. "Jamani, yu hai! Anakula! Mama Zenon, uko wapi, njoo uone! Kumbe ana shingo ndefu hivi! Kumbe ana nywele shingoni! Kumbe ndiyo yuko hivi!"

Alikuwa anacheka. Alikuwa analia. Aligeuka kuwaambia watu, akakuta watu mia mbili wamesimama, kofia mikononi, wanamtazama.

"Kumbe?" alisema Bibi Cornelia taratibu.

Nsajigwa alizima mashine. Mtu akashusha blanketi la dirisha la kwanza.

"Mzee," alisema Ndugu Ambakisye, na safari hii hakupaza sauti, karibu amhurumie, "hukuwahi kumwona?"

Mzee Eustaki alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza televisheni ya Mtakuja haikuwa na la kusema.

Nyuma kabisa, Silvana aliweka kapu chini. Alipita katikati ya watu na hakuna aliyemwambia keti. Alifika mbele, akamzunguka mumewe, akapitisha kidole kimoja chini ya komeo, akalisukuma juu, kisha kando.

Kah. Likafunguka.

Wanaume wanne walitazamana.

Alimvua sanduku. Masikio ya Mzee yalikuwa mekundu, na uso wake bila ile fremu ulionekana mdogo, kama wa mtu mwingine. Hakuthubutu kumtazama mkewe.

"Silvana, ningekwambia..."

"Nyamaza kwanza, Baba Zenon."

Aliketi kwenye kigoda. Akafuta mafuta ya alizeti kwa ncha ya kanga. Halafu, mbele ya mwenyekiti, mbele ya katibu na kitabu chake cha kumbukumbu, akainyanyua televisheni, akaingiza kichwa chake ndani.

"Funga komeo."

"Mimi?"

"Kwani mimi nimefunga Jumapili ngapi?"

Mzee Eustaki alifunga. Alifunga vizuri, si kinyume. Watu mia mbili waliketi chini bila kuambiwa.

Silvana alikohoa. Alimtazama Bibi Cornelia, akamtazama katibu, kisha akamtazama mumewe aliyesimama peke yake pale ambapo watazamaji hukaa.

"Wapenzi watazamaji," alisema Silvana. "Leo hakuna filamu. Leo nahakiki mume. Nitaanza na ule mlango wa Kitwe anaoutaja usingizini, halafu nitawaambia anastahili pishi, debe, au gunia."